Mtoto amekuja na kinyonga nyumbani, ufanye nini?

JUMAPILI moja jioni dada yangu alinipigia simu kutoka Morogoro, sauti imempanda. Mwanawe wa miaka 10 alikuwa amemshusha kinyonga kwenye mpera nyuma ya nyumba na kumleta sebuleni. Bibi yake, yaani mama yetu, alikuwa amekaa nje kwenye mkeka akiapa kwamba haingii ndani mpaka huyo mdudu atoke.

“Wewe si ndiye unayeandika habari za afya,” dada akasema. “Tuambie, ana sumu au hana?”

Hana. Nilimjibu hivyo palepale, na nakurudia wewe msomaji: kinyonga hana sumu, si ya meno, si ya mate wala ya ngozi. Akikasirika hujaza upepo, hupanua kinywa, hutoa sauti kama tairi linalovuja, na anaweza kung’ata. Inauma kidogo, basi. Kubadilika rangi nako si uchawi, na mara nyingi wala si kujificha. Ni hasira, hofu, joto, baridi au kumtafuta mwenza. Tukimlinganisha na wanasiasa tunamsingizia tu.

Nilipokata simu nilijiona nimemaliza kazi. Kumbe nilikuwa nimejibu swali jepesi na kuacha mawili mazito.

La kwanza nililiona Alhamisi nilipofika kwao. Mtoto alinipokea getini, “Shikamoo mamdogo,” akanivuta mkono twende tukamwone. Kinyonga alikuwa ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa matundu. Chini kulikuwa na kisosi cha maji, jani la kabichi na kipande cha mkate. Macho yake, yale yanayozunguka kila moja kivyake, yalikuwa yamezama ndani, na mchana wote ule ameyafumba. Mtoto aliniapia kwamba maji anayabadilisha kila asubuhi. Ni kweli, alikuwa anayabadilisha.

Nilimpigia daktari wa mifugo ninayefahamiana naye kikazi. Swali lake la kwanza lilikuwa, “Maji mnampa vipi?” Porini kinyonga hunywa umande na matone ya mvua juu ya majani. Maji yaliyotulia kwenye kisosi kwa kawaida hayatambui kama ni maji, kwa hiyo anaweza kufa kwa kiu huku kisosi kimejaa mbele yake. Dalili ndizo hizo: macho kuzama, kulala mchana, na ile sehemu nyeupe ya kinyesi chake kugeuka njano au rangi ya chungwa.

Tulitafuta chupa ya kunyunyizia maji, kama zile za saluni, tukaiosha, tukamweka kinyonga kwenye tawi la mpera na kuyanyunyizia majani kama manyunyu ya asubuhi. Mwanzoni hakufanya kitu. Kisha akafumbua jicho moja, akasogea taratibu, akaanza kulamba. Alikunywa muda mrefu mpaka dada akaacha sufuria jikoni akaja kutazama.

La pili lilijitokeza wakati wa chakula. Mtoto alimrudisha kinyonga, akajifuta mikono kwenye kaptula, akakaa, akamega ugali na kumlisha mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu. Nilimshika mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Vinyonga, kama mijusi, kobe na nyoka, wanaweza kubeba bakteria wa salmonela tumboni bila kuugua wala kuonyesha dalili yoyote. Bakteria hao hutoka na kinyesi, wakashika kwenye ngozi, matawi na ndoo. Kwa mtu mzima mwenye afya huenda ikawa ni kuhara na homa ya siku chache. Kwa mtoto mchanga wanaweza kuingia hadi kwenye damu, na hapo ni hatari ya maisha. Ndiyo maana wataalamu wa afya hushauri nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka 5, mzee au mtu mwenye kinga dhaifu isifuge mnyama wa aina hii kabisa. Wengine wote, ni sabuni na maji yanayotiririka kila baada ya kumgusa, na vyombo vyake visioshwe jikoni. Kwa hiyo bibi alikuwa na haki ya kuogopa, sababu tu ndiyo ilikuwa nyingine.

Kuna na sheria. Tanzania ina aina nyingi sana za vinyonga, lakini kinyonga ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata na kumfuga bila kibali.

Kama unacho kibali na huna mtoto mdogo ndani, basi sahau ndoo. Anahitaji kizimba kirefu cha wavu, hewa ipite, matawi ya kupanda na majani ya kujifichia. Akae peke yake, maana vinyonga wawili pamoja ni ugomvi. Apate jua la moja kwa moja, na kivuli cha kukimbilia. Jua la kupitia kioo cha dirisha halimsaidii, kwa kuwa kioo huzuia ile miale inayomwezesha mwili kutengeneza vitamini D. Bila hiyo na bila madini ya kalsiamu mifupa yake hulainika na miguu kupinda, sawasawa na matege ya watoto wetu. Chakula chake ni wadudu walio hai, panzi na nyenje, wala si mkate. Usimpe kamwe mdudu aliyepuliziwa dawa, na kama chumba kinapuliziwa dawa ya mbu, mtoe kwanza. Ukiona jike anahangaika chini akikwangua, anatafuta udongo wa kuchimba atage. Asipoupata mayai yanaweza kumkwama na kumuua. Na usimvute kutoka kwenye tawi. Weka mkono mbele yake, apande mwenyewe akitaka.

Kwa dada hatukuwa na la kujadili. Jioni ile mtoto alimbeba mpaka kwenye mpera akilia, akamwachia kwenye tawi alilomkutia, kisha akanawa mikono mara mbili bila kuambiwa.

Wiki iliyopita aliniambia kwenye simu kwamba amemwona tena, amenenepa, na kwamba bibi siku hizi anaanika nguo zake upande wa pili wa nyumba.