Kiwanja cha watoto nacho ni cha Bwana



Majuma machache yaliyopita nilikwenda Issuna, wilayani Ikungi, mkoani Singida, kumjulia hali shangazi yangu. Jumapili tukasali katika kanisa lililo kando ya barabara kuu ya kutoka Manyoni kwenda Singida. Sitalitaja jina, maana jambo ninalolieleza lipo katika makanisa mengi. Baada ya ibada wazee wa kanisa walibaki kujadili kiwanja kilicho ubavuni mwa jengo, kinachotazama barabara. Hapo ndipo watoto wa shule ya Jumapili huchezea. Pendekezo lilikuwa kujenga fremu za maduka, ili kodi isaidie kumalizia kanisa.

Mgeni nikaulizwa maoni. Nikasema wazo ni jema. Nikaongeza na andiko: Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mazoezi ya mwili yana faida kidogo, bali utauwa unafaa kwa yote (1 Timotheo 4:8). Wazee wakatikisa vichwa kukubali, nami nikatoka nimejiona mwenye hekima.

Nje shangazi alikuwa akiningoja. Nilipomsimulia akaniuliza swali moja tu: "Na hao watoto mtawapeleka wapi, mwanangu? Barabarani?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo: nilikosea, na andiko nililitumia vibaya.

Paulo hakusema mazoezi hayafai. Alisema yana faida yake, kisha akaonyesha lililo kubwa zaidi. Kidogo si sawa na hakuna. Ni Paulo huyo huyo aliyewafananisha waamini na wakimbiaji wanaoshindania taji (1 Wakorintho 9:24-25). Naye Luka, alipotaka kutueleza jinsi Bwana wetu alivyokua pale Nazareti, hakutaja hekima na kibali peke yake. Alitaja na kimo (Luka 2:52). Mwana wa Mungu alikuwa na mifupa iliyorefuka na miguu iliyochoka. Kama mwili wa mtoto ulistahili kutajwa katika Injili, unastahili nafasi katika kiwanja cha kanisa.

Wilaya ya Ikungi haina haja ya kutafuta mfano mbali. Septemba 15, 2025, mzaliwa wa wilaya hiyo, Alphonce Simbu, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia jijini Tokyo. Alimaliza kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda ule ule aliopewa Mjerumani Amanal Petros aliyekuwa wa pili. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa medali ya kwanza ya dhahabu kwa Tanzania katika mashindano hayo. Tulishangilia hata makanisani. Lakini tujiulize: tunawashangilia wakimbiaji wakishakuwa watu wazima, huku viwanja vya watoto tunavigeuza maduka?

Simaanishi kwamba kila mtoto awe Simbu. Wengi hawatapata medali yoyote, nao wanahitaji kukimbia vilevile. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau wastani wa dakika 60 kwa siku za kuushughulisha mwili hasa, mpaka apumue kwa kasi. Mwenye mwaka mmoja hadi minne anahitaji saa tatu za kujongea na kucheza, zikigawanywa katika siku nzima. Na wa miaka miwili hadi minne asikae mbele ya simu au televisheni zaidi ya saa moja kwa siku.

Najua mzazi wa Issuna atanijibu: "Wetu wanatembea kwenda shule, wanachunga, wanachota maji. Mazoezi gani tena?" Ni kweli, na kazi humfunza mtoto wajibu. Lakini ndoo kichwani si mchezo. Katika mchezo mtoto hujifunza kungoja zamu, kushindwa bila kukasirika, kumwinua aliyeanguka. Tena tuangalie nyumbani mwetu: jioni kaka yuko kwenye mpira, dada yuko kwenye maji, vyombo na mtoto wa mgongoni. Nabii Zekaria, alipoonyeshwa Yerusalemu iliyorejeshwa, aliona wazee wameketi na mikongojo yao, na njia zimejaa watoto wanaocheza, wavulana na wasichana (Zekaria 8:4-5). Wasichana wametajwa waziwazi. Rede na kamba navyo ni haki yao.

Liko na la mezani. Singida ni nchi ya uwele, mtama, mlenda, karanga, maziwa na kuku wa kienyeji. Hicho ndicho chakula kinachojenga mwili wa mtoto. Lakini nimeona barabarani tukiwauzia abiria mayai na kuku, kisha sehemu ya fedha hiyo hiyo tukamnunulia mtoto soda na biskuti, tukidhani tumempenda. Soda moja ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko tisa vya chai. Yai lilikuwa letu, tumelitoa, sukari tumeinunua. Sisemi tusiuze, maana ada na sare hazilipwi kwa mlenda. Nasema yai moja libaki kwa mtoto kabla trei haijaenda barabarani.

Kanisa lifanye nini basi? Mambo matatu yasiyohitaji mfadhili. Kwanza, shule ya Jumapili isiwe saa mbili za kukaa benchi. Nusu saa iwe ya kukimbia na kuruka kamba, mwalimu akiwa pamoja nao. Pili, siku ya sherehe ya watoto, soda zipungue, yawepo maji safi, matunda na karanga. Tatu, kabla ya kukata kipande chochote cha kiwanja, wazee waulize swali la shangazi.

Sidharau haja ya fedha. Jengo lisiloisha ni mzigo kwa waumini, na mvua haingoji michango. Lakini fremu zinaweza kusimama upande mwingine, au zikapungua. Utoto haurudiwi. Mtoto wa miaka sita leo hatakuwa na miaka sita tena siku deni litakapokwisha.

Juzi nilimpigia simu mzee mmoja wa kanisa lile. Nikamwomba radhi kwa maoni niliyoyatoa, nikamsomea Zekaria. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia mafundi bado hawajaitwa na kikao kingine kipo mwishoni mwa mwezi. Aliahidi kulirudisha jambo hilo mezani. Shangazi naye amesema atakwenda kuwasubiri nje, kama alivyonisubiri mimi.

Tuombe: Ee Bwana, uliyekua kwa kimo katikati ya watu, utupe macho ya kuwaona watoto wetu wazima, mwili na roho. Utufundishe kuwaachia nafasi ya kukimbia. Amina.