Haya ya Mwanafunzi wa Muziki



Juma lililopita alitujia kijana mmoja wa hapa Bumbire, aliyevuka maji kwenda kusomea muziki, akatuambia kuwa hataki kurudi chuoni. Ada imelipwa, afya anayo, na sauti yake ya tena tunaijua tangu alipokuwa katika kwaya ya watoto. Sababu ni moja tu: kila aitwapo kuimba peke yake mbele ya wenzake koo humkauka, mikono humtetemeka, na noti alizozisoma humtoroka.

Wapo waliomcheka. Sisi hatukuthubutu, kwa maana yalitupata pia. Tulipokuwa seminarini mwalimu mmoja alitusimamisha tuimbe solfa, sauti ikapasuka katika “la” ya juu, naye akatuigiza mbele ya darasa zima. Kwa miaka miwili tulikaa nyuma tukifungua kinywa bila kutoa sauti. Hata leo, kabla ya kuimba Prefasio, mkono wetu hutafuta ukingo wa altare.

Mwanafunzi wa hesabu akikosea, kosa lake hubaki daftarini, akalifuta. Kosa la mwanafunzi wa muziki husikiwa na wote papo hapo, tena chombo chenyewe ni mwili wake. Hofu hufanya moyo uende mbio na pumzi iwe fupi, na mwimbaji asiye na pumzi amebakiwa na nini? Hivyo hupewa alama za chini kwa jambo analolijua. Aidha, mwenye haya haulizi. Kijana wetu alikaa muhula mzima bila kuelewa namna ya kuhesabu mapigo sita kwa nane, kwa kuogopa kunyosha mkono. Kinanda alikipiga usiku wenzake walipolala, asubuhi akasinzia katika somo la nadharia. Kadiri alivyojificha ndivyo alivyobaki nyuma, na kadiri alivyobaki nyuma ndivyo alivyozidi kujificha, hata chakula akawa anakula peke yake.

Kweli, Kiswahili huisifu haya, na kumwita mtu asiye na haya ni tusi. (Majirani hututania kwamba Wahaya tulipewa jina hilo kwa makosa.) Lakini mpiga enanga wa kale aliketi peke yake akaimba habari za mashujaa mbele ya wakubwa, wala hakuna aliyesema amekosa adabu. Tena, Pablo Casals, bingwa wa selo aliyezaliwa Hispania mwaka 1876, alikiri kwamba hofu ya jukwaa haikumwacha maisha yake yote. Chopin naye aliepuka kumbi kubwa, akapendelea kupiga piano sebuleni kwa watu wachache. Musa na Yeremia walipoitwa walijitetea kwamba hawajui kusema. Basi kutetemeka si ushahidi kwamba mtu hakuitwa.

Lawama yetu kubwa twaielekeza kwa walimu na viongozi wa kwaya wanaodhani dhihaka ni njia ya kukomaza. Haikomazi. Hata hivyo hatukubaliani na wale wanaotaka mwenye haya asamehewe kabisa kuimba peke yake, kwani hofu isiyoguswa hukua. Aimbe kwanza wakiwa wanne, sauti zote nne, kisha wawili, kisha peke yake mbele ya mwalimu mlango ukiwa umefungwa, ndipo mbele ya darasa. Hayo hayahitaji fedha, yahitaji mwalimu mwenye subira tu, na huyo, tukubali, ni adimu kuliko kinanda.

Tumepatana na kijana huyo hivi: Jumapili hii ataimba Zaburi pamoja na wenzake wawili, na Jumapili ijayo na mmoja. Ya tatu ataimba peke yake, nasi tumeiomba kwaya isigeuke kumtazama. Boti yake ya kurudi ni Jumatatu inayofuata. Bado hajatuambia kama ataipanda.