Juu ya Wasichana Wanaoenda Kulea Watoto Wakati wa Vakansi



Vakansi kubwa inakaribia, na mu madarasa yote habari njo moja: nani anaenda Goma, anaenda kwa nani, watamlipa ngapi. Kwa wasichana wa Masisi na Walikale si jambo jipya. Mama fulani anatuma neno kwamba anatafuta msichana wa kulea mtoto, mtu wa kanisa ao wa ukoo analileta kwetu, na kisha siku mbili mwanafunzi amekwisha kufunga mzigo wake. Mwaka huu kuna tena neno lingine. Wengine wameona katika telefone kwamba huko Ulaya kuna kazi inayoitwa au pair: unakaa katika jamaa ya wazungu, unalea watoto wao, unajifunza lugha yao. Wananiuliza mimi kapita wao kama ni kweli ao ni uongo. Nitajibu yote mawili pamoja, sababu ninaona ni kazi moja.

Au pair ni kweli. Neno ni la Kifaransa, na maana yake ni kwamba anayekuja anakaa na jamaa kwa usawa, si boyi wala si mgeni. Mataifa ya Ulaya yalifanya mapatano juu yake katika mji wa Strasbourg, mwezi wa 11 mwaka 1969. Waliandika kwamba kazi isipite saa 5 kwa siku, kila juma kuwe siku moja nzima ya kupumzika, apate nafasi ya kuenda kujifunza lugha na hata ya kuenda kanisani, apewe franga ya mfukoni. Tena mambo hayo yote yawekwe katika karatasi, na vizuri zaidi mbele hajatoka kwao. Ujerumani wanaomba uwe na miaka 18 na usiwe umefika 27, ujue Kijerumani kidogo. Kazi haipiti saa 30 kwa juma, unapewa euro 280 kwa mwezi, na jamaa njo inalipa bima ya ugonjwa. Basi mtu anayekuambia utume dola kwa telefone ndipo upate visa, bila kukuuliza miaka yako wala lugha unayojua, huyo anatafuta dola zako tu. Na kwa wengi wetu njia hiyo iko mbali. Pasiporti, visa, Kijerumani, hayo hayapatikani mu vakansi moja.

Lakini kuna kitu kimoja ningependa tukitoe kule tukilete hapa: ile karatasi. Angalieni. Huko, mgeni ambaye jamaa haijapata kumwona hata mara moja anaandikiwa saa zake na franga yake. Hapa kwetu mtoto wa ndugu haandikiwi kitu. Anaambiwa tu: "Utakaa hapa sawa mutoto yetu."

Neno hilo ninalijua. Vakansi ya mwaka 2024 niliifanya Goma, mu nyumba moja ya Katindo. Watoto walikuwa watatu, na mdogo alikuwa na miezi minane. Asubuhi giza bado, nilikuwa kwenye foleni ya maji na bidoni ya litre 20. Ninyi mnaojua Goma mnajua: ziwa liko pale pale, lakini maji ya kunywa yanatafutwa. Kisha kuwasha makala, kupika uji, kuosha watoto, kufula, kubeba mdogo mgongoni mpaka alale, kufagia, kuchambua sombe, kumbeba tena. Usiku nililala naye salon, na alipolia ni mimi niliyeamka. Sisemi kwamba walikuwa watu wabaya. Mama wa nyumba hakunipiga hata siku moja, tulikula chakula kimoja, na siku ya Mungu nilienda kanisani pamoja nao, mtoto akiwa mgongoni. Tulikuwa tumepatana dola 30 kwa mwezi, kwa mdomo. Miezi miwili ilipokwisha, alihesabu: thermos niliyovunja, sabuni, dawa za malaria nilizokunywa. Nikapewa dola 22 na kitenge kimoja. Wakati wa kula nilikuwa mtoto. Wakati wa thermos nilikuwa boyi. Hapo sikuweza kujibu, kwa kuwa mtoto hadai mama yake franga, na boyi asiye na karatasi anadai kwa nini?

Mimi nilirudi masomoni. Mwezi wa tisa viti vya wasichana watatu wa darasa letu vilikuwa wazi. Mmoja jamaa ilimwambia angoje kidogo mpaka wapate msichana mwingine, na ule "kidogo" haujakwisha mpaka leo. Wa pili hakupata nauli ya kurudi. Habari ya wa tatu mnaijua, sitaiandika hapa.

Tena kuna vita. Katika mwaka 2023 na 2024 jamaa nyingi za Masisi zilikuwa mu kambi za Bulengo, Lushagala na Rusayo, na wasichana walitoka mule kila asubuhi kuenda mjini kufula na kulea watoto, juu ya kupata unga wa siku ile tu. Mtu mwenye njaa ya namna hiyo hapatani bei. Na vita vilipofika Goma mwezi wa kwanza mwaka 2025, kulikuwa wazazi huku milimani waliojua tu kwamba binti yao iko Goma kwa mama fulani. Avenue gani? Kartie gani? Namba ya telefone? Hakuna. Wenzetu wa Walikale ni vilevile, na kwao iko mbali zaidi, maana wengine wanashuka Bukavu, wengine wanapitia Lubutu mpaka Kisangani.

Wavulana wanaocheka hapa niwaambie kitu. Ninyi mukienda Rubaya kubeba koltani, munajua bei ya mzigo mbele haujakaa begani. Hakuna anayewaambia mubebe sawa watoto wa shimo.

Baba mmoja aliniambia: "Namna gani nitamwomba shangazi yake karatasi? Ni kumtukana." Ninamheshimu, lakini asome Mwanzo sura ya 29. Yakobo alifika kwa Labani, mjomba wake, akakaa mwezi mzima, na ni Labani mwenyewe aliyemwambia kwamba undugu si sababu ya kutumika bure, ataje mshahara wake. Kutaja mshahara kwa ndugu si matusi basi. Na kwa kuwa walipatana kwa mdomo tu, ninyi munajua vile Labani alimgeukia: mke mwingine usiku wa arusi, na mshahara uliogeuzwa mara kumi.

Sisemi watu wasiende. Tangu mwaka 2019 shule ya msingi ya Serikali hailipwi, lakini sisi wa sekondari tunalipa, na kuna wasichana hapa ambao minervale yao yote inatoka mu vakansi. Kuwakataza ni kuwafukuza. Lakini sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inasema kwamba kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto anayepashwa kulindwa, na wengi wetu tuko chini ya hapo. Na huko Geneva, mwezi wa sita mwaka 2011, mkutano wa kazi wa mataifa ulikubali kwamba kazi ya nyumba ni kazi kamili, yenye mshahara na pumziko la saa 24 kwa kila juma. Si msaada wa mtoto kwa mama.

Ninachoomba ni nusu ya karatasi. Iandikwe jina la jamaa, kartie, avenue na telefone; watoto ni wangapi; saa ya kuanza na saa ya kulala; siku ya kupumzika; franga ngapi, nayo ilipwe kila mwisho wa mwezi, isingoje mwisho wa vakansi. Iandikwe nani analipa dawa, na vyombo vikivunjika inakuwa namna gani. Chini kabisa, tarehe ya kurudi na nani anatoa nauli. Mzazi na mama wa nyumba watie sahihi mbele ya mzee wa kanisa, na ziwe tatu: moja kwa mzazi, moja kwa mama wa nyumba, moja hapa masomoni. Mwezi wa tisa, kiti kikiwa wazi, Bwana Prefe atajua mahali pa kupiga telefone.

Nimekwisha kuandika mfano wake, na mwalimu wa Kifaransa anausahihisha ili jamaa za mjini zisitucheke. Kinachobaki ni stensili moja na karatasi za kutosha, ambazo tunaomba kwa Bwana Prefe. Wasichana watakaoondoka mbele ya kutangazwa kwa matokeo waje kuniona saa ya mapumziko, mlangoni pa darasa la sita. Wa Walikale waje kwanza, maana gari lao halingoji.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita