Kabla ya Kuuza Shamba
Mume akiambiwa ana saratani ya mapafu, ni sisi wake tunaohangaika kutafuta dawa. Tukisikia kuna dawa mpya ya "nano", tuko tayari kuuza hata shamba la watoto. Akina mama wapendwa, kwanza tuielewe.

Paklitakseli ni dawa ya saratani ya siku nyingi. Haiyeyuki katika maji, kwa hiyo huchanganywa na kiyeyushi kitokanacho na mafuta ya nyonyo, ambacho huweza kuleta mzio mkali. Wataalamu wakaifunga dawa hiyohiyo ndani ya albumini, protini iliyomo katika damu yetu. Kila chembe ina upana wa nanomita 130 hivi. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Hiyo ndiyo nano.

Mwaka 2012 Marekani iliiidhinisha, ikitolewa pamoja na kaboplatini, kwa saratani ya mapafu iliyokwisha kusambaa. Katika majaribio ya wagonjwa zaidi ya 1,000, uvimbe ulinywea kwa wagonjwa 33 katika kila 100. Kwa dawa ya zamani, 25. Lakini kwa dawa zote mbili, nusu ya wagonjwa walifikisha takriban mwaka mmoja tu.

Basi tuombe hekima, kisha tumwulize daktari, mume akiwepo: itamsaidia nini kuliko dawa tuliyo nayo? Kuuliza si kukosa imani. Mgonjwa anahitaji dawa. Watoto nao watahitaji shamba.