Adabu na Adhabu

Katika madaftari ninayosahihisha hapa Kigali kosa moja hujirudia kila muhula: panapotakiwa adabu huandikwa adhabu, na panapotakiwa adhabu huandikwa adabu. Sababu yaeleweka, kwani Kinyarwanda hakina sauti ya dh. Lakini nyumba nyingi zimelitoa kosa hilo daftarini zikalifanya malezi. Mzazi husema, "Nimemtia adabu," naye amemchapa tu.

Wazazi Wakristo huitetea fimbo kwa Mithali 13:24. Nawaheshimu, ila nawasihi wasome zaidi. Neno la Kiebrania lililofasiriwa fimbo katika aya hiyo ndilo lililofasiriwa gongo katika Zaburi ya 23, mkononi mwa mchungaji, na kondoo hupata faraja kwalo. Sikatai kwamba Mithali yaijua fimbo ya kuchapa. 23:13 yataja kupiga waziwazi. Hata hivyo Mtume Paulo, aliyeishi katika dola ambamo baba alikuwa na mamlaka makubwa mno juu ya mwanawe, aliwageukia akina baba wenyewe katika Waefeso 6:4, akawakataza kuwachokoza watoto. Agizo hilo lilimfunga mkubwa.

Wengine hudai kuwa kiboko ni mila yetu. Ajabu! Wazee wa Rwanda hulikumbuka neno ikiboko kutoka enzi za Wabelgiji, watu walipochapwa ili wafanye kazi za lazima.

Leo Sheria Na. 71/2018 ya tarehe 31 Agosti 2018, inayohusu ulinzi wa mtoto, yakataza adhabu kali na za kudhalilisha. Basi mzazi afanyeje? Hapa nalipenda neno kurudi. Kumrudi mtoto ni kumkanya na kumwongoza. Na kurudi, wajua, ni kuja tena ulikotoka.

Tuseme mtoto ametumwa dukani Nyamirambo, akala chenji ya faranga 300, kisha akadanganya. Kunyamaza hakufai, Waswahili walikwisha kutuonya kuwa mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwite faraghani, mbali na wenzake na wageni. Mpe nafasi aseme mwenyewe alilofanya. Mpangie kazi ya nyumbani inayolingana na umri wake, ailipe nayo hasara, na uisimamie hadi iishe, hata akilia. Kesho yake mpe fedha, umtume tena duka lile lile.

Hilo la mwisho huwashinda wengi, nami naliona kuwa ndilo lenye Ukristo kuliko yote. Mtoto aliyelipa kosa lake lakini hatumwi tena huwa bado hajasamehewa, naye analijua hilo vizuri.

Umugoroba w'Imiryango utakapofanyika mtaani kwenu, waulize wazazi waliohudhuria: ni nani kati yao amewahi kumtuma tena dukani mtoto aliyemwibia, na ilikuwaje?