Kadi za kunasa data: Zawadi ya msimbo yahitaji matunzo

KAMPUNI inayotengeneza kadi za kompyuta za kunasa data mtandaoni hufika njia panda: iandike programu zake yenyewe, au ichangie msimbo katika programu huria zinazotumika duniani kote.

Mfano ulio wazi ni kadi za DAG, zilizobuniwa Chuo Kikuu cha Waikato, New Zealand, na kuingizwa sokoni na kampuni ya Endace, iliyoanzishwa mwaka 2001. Msimbo wa kuziwezesha uliingizwa katika libpcap, programu ya msingi ya kunasa data iliyozaliwa Maabara ya Lawrence Berkeley, Marekani.

Pande zote zilinufaika. Kadi hizo ziliweza kutumiwa na programu zilizokwisha kuzoeleka, kama vile tcpdump, bila programu hizo kuandikwa upya. Wahandisi nao walipata kadi zinazohimili kasi kubwa na kurekodi kwa usahihi muda wa kila pakiti.

Hata hivyo, zawadi hiyo ina gharama. Watunzaji wa libpcap wanaweza kuusoma msimbo, lakini bila kadi mkononi hawawezi kuthibitisha kuwa bado unafanya kazi katika kila toleo jipya. Kadi ikiondolewa sokoni, msimbo hubaki yatima.

Atakayeumia ni mhandisi anayesaka wavamizi katika mtandao wa benki, akidhani anaona kila kitu, kumbe sivyo. Kwa hiyo kampuni inayotoa msimbo haina budi kutoa pia kadi za majaribio, pamoja na mtaalamu wa kuutunza.