Msaada wa Ukame Ufike Mifugo Ingali Hai



Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo kaskazini mwa Kenya bila mvua ya kutosha. Serikali ilitangaza ukame kuwa janga la kitaifa Septemba 2021. Mvua iliporudi 2023, zaidi ya mifugo milioni 2 ilikuwa imekufa nchini. Marsabit ni miongoni mwa kaunti zilizoumia sana.

Tukizungumzia pesa za dharura wanazopewa wafugaji, hoja moja haikosi: pesa za bure huleta uvivu. Hata sisi tumewahi kuisema. Basi tupige hesabu. Mpango wa serikali uitwao HSNP, unaohudumia kaunti kama Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, umekuwa ukilipa kaya shilingi 5,400 kila miezi miwili. Kwa kaya ya watu sita, hiyo ni shilingi 15 kwa mtu kwa siku. Nani atakuwa mvivu kwa shilingi 15?

Tunachopaswa kuuliza ni kama pesa hizo zinafika kwa wakati. Ukame ukikolea, kila mtu hupeleka mbuzi sokoni, bei ikaanguka. Mama mwenye unga nyumbani halazimiki kuuza mbuzi wake wa mwisho kwa bei ya kutupa. Mvua ikinyesha, ana pa kuanzia. Pesa zikichelewa, atanunua chakula, lakini zizi litabaki tupu. Setilaiti hupima hali ya malisho, na vipimo hivyo hutumika kuamua wapi kaya zaidi zilipwe za dharura. Kwa hiyo hakuna sababu ya kungoja picha za mizoga.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba katika shida ya kufa na kupona, mali ya dunia ni ya wote. Tukimfuata, pesa hizi ni haki ya mfugaji, wala si hisani ya mkubwa yeyote. Na haki ina masharti yake. Aliyekuwa mbali na mifugo siku ya kuandikishwa asiachwe nje. Mzee ambaye alama zake za vidole zimefutika kwa kazi asirudishwe mikono mitupu.

Mwaka 1931 Papa Pius XI alifundisha kwamba jambo ambalo jumuiya ndogo inaliweza, kubwa isiipokonye. Nairobi inaweza kutuma pesa, lakini haimjui mjane wa manyatta ya mwisho. Majirani zake wanamjua. Majina yasomwe barazani, mbele ya wote, kabla ya malipo, na anayelalamika asikilizwe.

Hapa parokia zetu zina kazi. Katekista na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wanaweza kumsindikiza aliyeachwa hadi kwa chifu, bila kuuliza dini yake. Nasi tunaojiandaa kuwa wachungaji wa watu, tuache kuwahukumu wachungaji wa mbuzi. Likizo ijayo, kila mmoja wetu aulize nyumbani: ni nani hakuandikwa? Kisha twende naye.